Breki za Gari la Viti Viwili

Mtaani walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa meno bandia. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chenye beseni, taa ya shingo ndefu na harufu ya nta iliyoyeyushwa, na vinywa vya watu vilimfikia humo vikiwa nakala za plasta tu. Alizijua taya za nusu ya mji na nyuso za wachache sana. Kazi hiyo inataka mtu anayeweza kulisugua jino moja asubuhi nzima hadi likae na wenzake kama ndugu wa tumbo moja, na subira hiyo hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye gari lake.

Lilikuwa gari dogo la michezo, la kijani, la viti viwili, lenye paa la turubai la kukunja. Alilikuta likiwa mzoga nyuma ya gereji, kuku wakitagia ndani, na siku ya kulitoa pale wanaume wachache walilibeba juu juu kama kitanda. Ilimchukua miaka. Aliihangaikia bodi kwa msasa hadi vidole vikapoteza alama. Alijifunza kuzibua vile vitundu vya chini ya turubai vinavyotoa maji ya mvua, maana vikiziba maji hujificha kwenye kingo za milango na kulila bati kimyakimya. Viti alivivika ngozi ya rangi ya asali, akaishona mwenyewe, akiuvuta uzi kwa koleo la kazini.

Kioo cha nyuma hakikuwa kioo hasa, kilikuwa plastiki laini iliyoshikwa na zipu kwenye turubai. Hapo alikuwa na sheria moja: kabla ya kukunja paa, fungua zipu kwanza, ukilaze kioo taratibu. Ukilikunja paa hivi hivi, plastiki inapasuka mkunjo mweupe na hairudi tena. Mke wake alisahau mara moja, kioo kikapona kwa bahati, naye akasemwa wiki nzima.

"Gari lako lina viti viwili," mke alimwambia siku ile, "kimoja chako, kingine cha sifa zako. Mimi nimeshuka."

Tangu hapo Dokta aliendesha peke yake, kila Jumamosi asubuhi, paa likiwa limefunuliwa. Likifunikwa, alisema, ni kigari tu.

Mtu mmoja alikuwa akikitaka kiti cha pili, naye alikuwa baba yake.

Mzee huyo aliendesha lori la mafuta maisha yake yote ya kazi. Watoto wake walikua wakisikiliza honi mbili kutoka barabarani, fupi halafu ndefu, maana yake baba amerudi, na mama aliweka maji ya kuoga jikoni kabla lori halijasimama. Dokta alijifunza usukani akiwa amepakatwa kwenye lori hilo. Sasa mzee alikuwa mstaafu, akiishi kwa binti yake mkubwa upande wa pili wa mji, na tangu operesheni ya kibofu mkojo ulikuwa haumsikilizi tena. Siku moja alikuja kumtembelea Dokta, na alipoinuka kwenye kochi alikuwa ameacha doa. Kila mtu sebuleni akajifanya hakuona. Dokta aliona, akaviwaza viti vyake vya rangi ya asali.

Basi kila mzee alipouliza, "Lini utanipandisha kwenye hicho kigari, mwanangu?" yeye alijibu, "Karibuni, baba." Hakuwahi kumwambia mtu sababu. Hata kichwani mwake aliiita kwa majina mengine: gari liko chini mno, magoti ya mzee hayatakubali, upepo si mzuri kwa kifua.

Ijumaa moja, akiwa anapanga meno kwenye nta, dada yake alipiga simu.

"Mdogo wangu, gari langu limekufa. Fundi anasema klachi. Kesho Mzee ana kliniki, njoo umchukue na hicho kibakuli chako."

"Kesho?"

"Kesho. Nimeshamwambia. Ameshanyoa ndevu."

Dokta aliyatazama meno yaliyokuwa mbele yake, nayo yalikuwa yakimcheka. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Dada, nimefungua breki."

"Breki zote?"

"Za mbele. Kuna kipuri nasubiri."

Akaisikia sauti ya mzee kwa mbali, "Anasemaje?" na dada akijibu, "Breki, baba." Mzee akasogea kwenye simu. "Breki hazina mchezo hizo. Mwambie asithubutu kulitoa nje. Sitaki kuzika mtoto mimi. Mwambie tutachukua teksi."

Dokta aliishusha simu mezani polepole, kama kitu cha moto. Uongo mwingine humwacha mtu akiwa amepumua, lakini huu ulimrudi pale pale, kwa sababu ulikuwa umepokelewa kwa huruma.

Asubuhi iliyofuata kulikucha na jua zuri, na mazoea yana nguvu. Alijiambia kwamba atazunguka kidogo tu, ile barabara ya nje ya mji, mbali na hospitali. Mke wake alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Wifi alinipigia jana," alisema. "Anasema huna breki. Endesha polepole basi."

Dokta alitoka kwenye geti akiwa ameangalia mbele kama mwanafunzi wa udereva.

Barabara ya nje ya mji ilikuwa imefungwa. Watu wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro, na askari wa barabarani alikuwa akiyaelekeza magari yote upande mmoja tu, njia ya hospitali. Dokta aliangalia nyuma. Foleni ilikwisha kumziba. Akafuata wenzake, mkono ukiwa usukanini na roho ikiwa mkononi.

Kwenye taa nyekundu, honi ikalia kulia kwake. Fupi, halafu ndefu.

Hakuhitaji kugeuka ili kujua. Mgongo wake ulijua kwanza, mgongo wa mtoto aliyekuwa akikimbilia barabarani. Alipogeuka aliona teksi, juu kidogo, kwa kuwa akiwa kwenye gari lake magari yote yalikuwa juu yake. Baba yake alikuwa amekaa mbele, ndevu zimenyolewa, kola imefungwa hadi juu, mkono wake ukiwa bado kwenye honi ya dereva wa watu.

Mwenye gari la kawaida angepandisha kioo. Angeinama akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Dokta alikuwa amekaa hadharani kama kitu kilichoandaliwa mezani. Mzee aliweza kuona kila kitu: mwanawe, usukani, na kile kiti cha pili kinachong'aa, kikiwa kimebeba kofia.

"Kumbe zimekaa!" mzee alipaza sauti.

"Nini, baba?"

"Breki!" Akamgeukia dereva wa teksi, uso umemchangamka. "Huyu ni wangu. Jana hana breki, leo yuko barabarani. Umeona mkono wa fundi huo?"

"Hongera, mzee wangu," dereva alisema. "Kitu kikali hicho."

Nyuma ya teksi alikaa dada yake. Hakumsalimia. Alikuwa akitazama mbele kama mtu anayetazama ukuta.

Kijana wa pikipiki alisimama upande wa kushoto, akamkagua Dokta, akacheka. "Bosi, mbona jasho? Si una upepo wa bure!"

Taa ile ilikataa kubadilika. Dokta alitamani ardhi ipasuke. Alitamani zaidi baba yake amtukane, amwite mwongo mbele ya foleni nzima, maana tusi angepata pa kuliweka. Sifa hakujua aziweke wapi.

"Nakuja nyuma yenu, baba," alisema.

"Njoo, njoo! Ila usitukaribie sana. Breki mpya hizo."

Kwenye maegesho ya hospitali alikaa ndani ya gari akawaangalia wakiingia, mzee akitembea kwa fimbo, dada akimshika kiwiko. Kisha akashuka, akalivuta paa, akabana klipu zake mbili, akafunga zipu ya kioo, akarudi ndani. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Alibaki humo humo.

Dada alirudi peke yake, akagonga turubai kwa kidole.

"Unajificha asikuone nani sasa? Jua lenyewe limeshakuona."

"Dada, nilikuwa nataka..."

"Usiniambie ulichokuwa unataka. Najua. Unafikiri sijui? Ni viti." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma. "Sitamwambia. Nikimwambia ataniuliza kwa nini, na mimi mdomo wa kumjibu hilo sina. Lakini nisikilize, bwana we. Mimi namlaza, namwamsha, nafua. Sijawahi kukuomba ufue. Nilikuomba uendeshe."

Dokta aliutazama usukani. Umri wake wote ulimtoka, akawa tena yule mdogo aliyevunja sahani.

"Teksi nimeiruhusu iende," dada alisema. "Akitoka utamrudisha wewe."

"Na wewe je? Viti ni..."

"Viti viwili. Nimeviona. Mimi nitapanda basi."

Mzee alipotoka alikuwa na mfuko wa dawa mkono mmoja na mfuko wa kitambaa mkono mwingine. Alilizunguka gari lote kwanza, akigongagonga bodi kwa vidole kama mnunuzi wa matikiti.

"Mbona umelifunika?"

"Jua, baba."

"Jua mimi nimelikalia tangu hujazaliwa. Lifunue nione."

Dokta akaachia klipu, akalisukuma paa nyuma kwa pupa ya mtu anayetaka jambo liishe. Kikalia kitu kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Zipu. Hakuifungua zipu. Alijua hata kabla ya kutazama: mkunjo mweupe toka pembe hadi pembe, atakaoutazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma kila atakapolifunika gari hilo.

"Ni nini hicho?"

"Hakuna kitu, baba. Ni turubai tu." Uongo ulikuwa umeanza kumzoea.

Akafungua mlango. Mzee hakukaa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa mpira wa kutandikia, ule wa meza, wenye maua, uliokunjwa na kushonwa pindo. Akauweka kwenye kiti, akaunyoosha pembe kwa pembe, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

"Baba, si lazima."

"Ni lazima. Mimi ndiye ninayejijua." Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayeeleza njia. "Kwenye teksi natandika. Kwa daktari natandika. Sembuse kiti kama hiki." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Safi. Ningekuwa mimi, hata nzi nisingemruhusu."

Dokta alimshika mikono, akamshusha hadi kitini. Wakaondoka.

Mzee alifurahi kuliko mwanawe alivyoweza kuvumilia. Alitoa mkono nje akaushika upepo. Lori la mchanga lilipowapita aliinua macho kutazama tairi zake, akacheka hadi akakohoa. "Maisha yangu yote nimeendesha nikitazama vichwa vya watu," alisema. "Leo natazama magoti yao. Sikujua watu wana magoti mabaya hivi!"

Dokta alicheka naye, lakini macho yalikuwa yakimponyoka kwenda chini. Kila alipokanyaga breki, mguu wa kulia wa mzee nao ulikanyaga sakafu, kwa wakati ule ule, kwa uzito ule ule. Kwenye kila kona na kila tuta, miguu miwili ilishika breki moja. Dokta akaanza kuziogopa taa nyekundu.

Walipofika kwa dada, mzee aliinama akabonyeza honi mwenyewe, fupi halafu ndefu. Hakuna aliyetoka. Dada alikuwa bado kwenye basi.

Kushuka kulikuwa kazi. Gari lilikuwa chini kweli, hilo angalau halikuwa la kubuni. Dokta alipitisha mikono kwapani mwa baba yake, akamwinua kifua kwa kifua, na kwa kitambo wakasimama hivyo, mzee akiwa mwepesi kuliko alivyodhani, suruali yake imelowa nyuma. Wote wawili walijua. Kiti kilikuwa kikavu, maua ya mpira yalikuwa na maji.

Mzee alilishika geti, akatafuta pumzi.

"Zinashika vizuri," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Za mbele na za nyuma. Sikusikia hata mlio." Alikuwa akilitazama gari, hakumtazama mwanawe. "Kliniki nyingine ni mwezi ujao. Wiki hiyo, mwanangu, usizifungue."

Dokta alifungua mdomo. Maneno aliyoyakusanya tangu kwenye taa yalikuwa yote hapo, na hakuna lililokuwa na ukubwa wa kutosha.

"Sitazifungua," alisema.

"Haya." Mzee akaingia ndani kubadilisha nguo, fimbo ikigonga sakafu, mlango ukafungwa.

Dokta aliuchukua ule mpira kwa ncha za vidole, kisha akajiona anavyoushika, akaukamata kwa viganja vyote viwili. Aliupeleka kwenye bomba la uani, akachuchumaa, akausugua kwa sabuni ya kufulia, pindo hadi pindo, kwa subira ya kazini kwake. Akauanika kwenye kamba.

Dada alipoingia uani akitokea kituoni, viatu mkononi, alimkuta bado amesimama pale, mikono ya shati imelowa. Alimtazama yeye, akaitazama kamba.

"Umeanika kinyume," alisema. "Maua yanakaa ndani. Jua linayafuta."

Akaugeuza.