Hodi Tatu za Maryam

Safari hii ya Pemba niliifunga kwa sababu ya namba. Binamu yangu Maryam, anayekaa na mama yake Madungu, Chake Chake, alinitumia picha ya skrini ya simu: ukurasa mtupu, na katikati yake 503. Alikuwa anaomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa jioni. Nikampigia nikamwambia ajaribu tena. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mama kanikataza."

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti, nimezoea kugombana na kompyuta. Kugombana na shangazi yangu Bi Rukia, mama yake Maryam, kwa simu hakuwezekani, kwa sababu hukata. Alhamisi asubuhi nikapanda boti.

Mkoani tulifika kabla ya adhuhuri. Mchukuzi mmoja alinishika bega kabla sijakanyaga gati vizuri.

"Lete mizigo, bwana."

"Sina mizigo. Nina huu mkoba tu."

"Basi lete huo mkoba, usitembee na aibu."

Nikampa, nikacheka mpaka kwenye bodaboda. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kando ya barabara njia nzima, na nilifika Chake nanukia kama chai ya harusini.

Madungu nilipiga hodi moja tu. "Karibu, baba!" Shangazi alikuwa keshaandaa mihogo ya nazi na changu wa kukaanga, na kwake hakuna mazungumzo kabla ya sahani kuwa tupu. Nilipokwisha kunawa ndipo nikauliza mbona kamzuia mtoto.

"Nimemzuia aibu," akasema. "Kapiga hodi ya kwanza, kapewa namba ile. Ya pili, ile ile. Ya tatu, ile ile. Ntu akipiga hodi tatu asikaribishwe, hurudi zake. Mie sikumlea Maryam akang'ang'anie milango ya watu."

Maryam alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Huyu ndiye aliyemuuguza bibi yetu mpaka siku ya mwisho, na tangu hapo hana ndoto nyingine. Roho iliniuma kumtazama.

Nikaanza kueleza kwamba kila unapoomba ukurasa, kompyuta ya chuo hurudisha jibu lenye namba ya tarakimu tatu. Shangazi akapiga miayo. Nikaona hapa nitashindwa mchana kweupe. "Basi, shangazi, twende tukawaamkie majirani." Kwa hilo hakuhitaji kubembelezwa, alikuwa keshavaa buibui.

Alasiri tukaanza kwa Bi Time. "Karibuni, karibuni!" Kahawa ilikuwa mkononi kabla sijakaa sawasawa. "Hii ndiyo 200," nikamnong'oneza shangazi. "Umeomba, umepewa."

Mlango wa pili alitoka mama nisiyemjua. Mwenye nyumba, akasema, kahamia Wete, na akatuelekeza mtaa wake. Nikamwambia shangazi hiyo ni 301, na kwamba simu ikijibiwa hivyo huenda yenyewe kwenye anwani mpya.

"Mpaka Wete?"

"Mpaka Wete."

"Basi ina miguu kuliko mie."

Kichochoro kilichofuata alikikosea, tukaulizia Bi Mize kwenye nyumba ambamo Bi Mize hajapata kukaa. Hiyo ni 404, ya kitu kisichokuwapo hapo; Maryam alikuwa akiiona sana kwenye simu, na shangazi aliielewa bila msaada wangu.

Kwa Bi Asha, hata sijafika kizingitini, ukelele ukatoka ndani: "Wanaume wasiingie! Bibi harusi anatiwa hina!" Shangazi akaingia, akaniacha juani. Alipotoka nikamwambia, "Hiyo 403. Nyumba ipo, watu wamo, ila mimi sina ruhusa."

"Na kweli huna!" akasema, kafurahi mno.

Mwisho tukafika kwa Bi Sharifa, anayewapikia watu wa harusi. "Hodi!"

"Ngojani! Nna mafuta ya moto, nna watu hata pa kukanyaga hapana! Rudini baadaye!"

"Haya, mama, tutarudi," shangazi akaitika, akageuka zake.

"Mbona hukukasirika?" nikamuuliza.

"Nikasirikie nini? Si kasema nirudi?"

"Hiyo ndiyo 503, shangazi."

Akasimama katikati ya njia. Alinitazama, akautazama mlango wa Bi Sharifa, akanitazama tena.

"Kumbe huyo wa chuo alikuwamo ndani?"

"Alikuwamo. Kazidiwa na wageni, waombaji ni wengi."

"Hodi tatu ni za nyumba iliyonyamaza," akasema polepole. "Huyu kajibu." Kisha akaniacha nyuma, mbio nyumbani, buibui linapepea.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, saa niliyotaraji waombaji wamepungua, tuliizunguka simu. "Piga hodi kwanza," shangazi akaamrisha, na Maryam akaiambia simu hodi. Ikatoka 503. Mimi jasho likanitoka, lakini shangazi hata hakutikisika. "Bado anakaanga. Tunywe chai." Tukanywa. Maryam akajaribu tena, na ukurasa ukafunguka. Akajaza, akatuma, ukaja ujumbe kwamba maombi yamepokewa. Vigelegele vya shangazi viliwatoa majirani nje na miswaki midomoni.

Jumamosi, ndani ya boti ya kurudi Unguja, niliifungua kompyuta yangu. Tovuti ninayoitunza nayo, ikizidiwa, hutoa namba ile ile kavu. Namba hizo zinatosha kwa mashine, lakini anayebisha hodi ni mtu. Nikaandika chini yake: "Tumekusikia, tumo ndani. Leo wageni ni wengi. Tafadhali rudi baada ya muda kidogo." Nikampelekea Maryam picha.

Jibu lilikuja kwa sauti, na haikuwa ya Maryam.

"Ehe," alisema shangazi. "Sasa hiyo imelelewa."