Siku Dume la Manyanda Lilipougua kwa Video

Manyanda hajui kusema hapana. Nalitaja hili mapema ili usije ukamwonea huruma kabla ya wakati. Wazazi wake waliingia huku Usevya na ng'ombe wao kutoka Shinyanga yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na tangu hapo sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Ukimwomba jembe atakupa na mpini wa akiba. Ukimwomba plau msimu wa kulima, litakalosubiri ni shamba lake. Mimi ni Mpimbwe, jirani yake kwa miaka arobaini, nimemwomba vitu vingi sana, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwaka juzi alinunua sahani ya intaneti, ile inayowasiliana na setilaiti moja kwa moja. Mnara wa simu uko kijijini, na ukifika kwake huko mbugani unafika umechoka: sauti inapita, video haipiti. Sahani ilipofungwa juu ya paa, video zikapita bila kujikwaa. Wiki ile ya kwanza aliitumia peke yake, akashinda anatazama minada ya ng'ombe wa Brazili mpaka mama yake, mayu Nyanzala, akamuuliza kama ameajiriwa huko.

Halafu watu wakaanza kuja kusalimia. Kila aliyesalimia aliondoka na neno la siri. Walipozidi, Manyanda akaliandika kwa chokaa kwenye ukuta wa ghala, herufi kubwa, ili wageni wasipate taabu ya kuuliza.

"Itaisha hiyo," nilimwambia.

"Inatoka juu," akanijibu. "Umeona wapi mvua ikasema leo namnyeshea jirani yetu Hilari, nyie wengine subirini?"

Nikaingiza neno la siri kwenye simu zangu zote mbili.

Sasa kuna Esteria. Huyu ni fundi simu Mpanda mjini, pale Kashaulili, ana kibanda kidogo na miwani mikubwa. Manyanda alimpelekea simu iliyotumbukia kwenye jaruba la mpunga, na mwaka ule simu zake zikaharibika mara saba. Simu haiharibiki mara saba bila kusaidiwa. Manyanda alikuwa na miaka arobaini na moja, alishakataliwa kwingine mara mbili, na alimpenda yule dada mpaka ikawa kero kwetu majirani, maana kila habari aliimalizia kwake, hata habari ya kwato.

Esteria ndiye aliyejaribu kumweleza. "Mnara unahudumia kijiji kimoja, viwili. Watu wakizidi, wanajenga mwingine. Setilaiti inaangalia mkoa mzima na zaidi kwa mpigo mmoja, na wenye sahani wote mnachota ndoo moja. Halafu hicho kikombe chako kidogo umekialikia kijiji kizima."

Manyanda alisikiliza sana, ila alikuwa anasikiliza sauti, maneno hakuyashika. Aliporudi nyumbani aliing'oa sahani kwenye paa akaipandisha juu ya mti wa mvumo. Akampigia simu kwa furaha kwamba ameisogeza karibu na setilaiti.

"Umeisogeza mita ngapi?"

"Nane."

"Na setilaiti iko kilomita mamia," alisema Esteria, kisha akacheka muda mrefu. Manyanda alinihadithia kicheko kile siku tatu.

Machi, mambo yakaiva. Mzee Nashon, baba mkubwa wa Esteria, alipanda treni kutoka kwao hadi Mpanda kuja kumaliza habari ya ndoa. Mzee huyu hatoi binti kabla hajawaona ng'ombe kwa macho yake, na hasa hasa dume. Lakini mvua zilikuwa zimejaza mto na barabara ya huku ilikuwa imefunikwa na maji, hapiti mtu wala pikipiki. Treni yake ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Mjini kulikuwa na bwana mwingine aliyemtaka Esteria, anaitwa Innocent, mwenye duka la mabati, ambaye ng'ombe wake walikuwa jirani tu, unakwenda kuwaona kwa miguu. Mzee akasema, "Nisipowaona wa Manyanda hadi Jumapili, naongea na Innocent."

Esteria akasema basi watazame kwa video. Yeye ashike simu huko Kashaulili, huku Usevya nishike mimi. Tukapanga Jumapili saa kumi jioni. Katika akili zetu zote hizo, hakuna aliyekumbuka kwamba Jumapili hiyo, saa hiyohiyo, watani wa jadi wa mpira walikuwa wanacheza.

Nilipofika nilikuta watu kama sitini wameketi chini ya mvumo, kila mtu na simu yake, kila mtu na mechi yake. Kuna baba na mwanawe walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanatazama mechi ileile kwenye simu mbili.

Tulianza vizuri. Mzee Nashon alionekana amevaa kofia, amekunja uso. "Mtembezeni," akaagiza. Manyanda akalivuta dume lake jeusi, dume likainua mguu wa mbele, na hapo video ikaganda.

Huku kwetu dume lilizunguka boma mara mbili, likafika kwenye kamba ya nguo likaanza kuitafuna kanga ya mayu Nyanzala. Kumbe kule mjini bado limeinua mguu. Esteria akanipigia kwa simu ya kawaida, ile ya mnara, nikaweka sauti kubwa.

"Mbona haweki mguu chini?" mzee aliuliza.

"Anatembea, baba!" Manyanda alipaza sauti.

"Dakika tatu mguu uko juu! Nimechunga miaka hamsini, leo unifundishe ng'ombe mzima anavyosimama?"

Video ikaruka mara moja, ikaganda tena. Safari hii dume limeachama, ulimi nje, udenda unaning'inia, sababu ya kanga.

"Kwanza miguu," mzee alisema polepole. "Sasa midomo." Kila mfugaji anaujua ugonjwa wa miguu na midomo, na hakuna anayetaka kuusikia. "Zima hiyo simu, Esteria! Itatuletea na huku!"

Manyanda aliketi kwenye matope. Sijawahi kumwona mtu mzima akiketi vile. Nilimhurumia, na nilijihurumia mimi pia, kwa sababu mfukoni mwa shati simu yangu ya pili ilikuwa inavuta mechi na sikuwa nimemwambia mtu.

"Manyanda," ilikuwa sauti ya Esteria. "Watu wangapi wapo kwenye sahani?"

"Ni wageni tu."

"Wangapi?"

"Kama sitini."

"Watoe."

"Nitawaambiaje?"

"Waambie hapana. Leo kuna mtu ataambiwa hapana. Ni wao au ni wewe."

Alinyanyuka. Akachukua simu yake mkononi mwangu, akafungua pale pa kubadilisha neno la siri. Wakati huohuo chini ya mvumo watu walisimama wote kwa pamoja: penalti. Hilari alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, simu ameiegemeza kwenye kiatu. Manyanda akabonyeza.

Simu sitini ziliganda kwa pamoja. Yangu ya mfukoni ikiwemo, nilisikia mtangazaji anakatika katikati ya pumzi.

"Manyanda!" Hilari alipiga kelele. "Rudisha! Penalti!"

"Hapana," alisema Manyanda, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akarudia kwa nguvu, "Hapana!" Mayu Nyanzala akatoka jikoni kuangalia ni nani kaingia kwenye boma lake, maana sauti ile hakuitambua.

Walimtukana kwa Kisukuma, kwa Kipimbwe na kwa Kifipa, halafu wakatimua mbio kuelekea kijijini, kwenye mnara, wanakatiza majaruba na matope hadi magotini, simu zimeinuliwa juu. Tukabaki wachache, pamoja na dume.

Manyanda akaingiza neno jipya kwenye simu yake, akanirudishia, video ikarudi. Haikurudi nzuri, ilikuwa na chenga, kwa sababu wenye sahani wengine huko na huko walikuwa bado wanachota mpira kwenye ndoo ileile. Lakini ilikuwa inatembea. Dume likashusha mguu, likafunga mdomo, likapiga hatua kama kumi za heshima, kisha likanya. Mzee Nashon alisogeza uso hadi kofia ikagusa kioo.

"Mavi mazuri," alisema. Kwa mzee yule, hiyo ni hotuba. "Basi, nimeona. Tumemaliza."

"Hatujamaliza, baba mkubwa," alisema Esteria. "Saa nzima tunatazama ng'ombe. Mume je? Shemeji, geuza kamera."

Nikageuza. Manyanda alikuwa na matope hadi kiunoni na kipande cha kanga mkononi. Maneno ya siku ile alikuwa ameyaandaa miezi mitatu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyotaka. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akabaki hivyo, mdomo wazi, mkono mmoja hewani, hapepesi.

"Mtandao umekatika tena," mzee alinung'unika.

"Haujakatika," alisema Esteria. "Ndivyo alivyo."

"Mtu gani hapumui? Umekatika huu."

Tukasubiri. Mzee akavua kofia, akasogea karibu kabisa na kioo.

"Ngoja," alisema. "Kuna kitu kinashuka hapo shavuni."

"Ni chozi, baba mkubwa."

"Linatembea?"

"Linatembea."

"Basi mtandao upo," alisema mzee Nashon, na akampa Esteria nafasi aongee na mume wake.