Samaki wa Mama

Juzi, huko Kizingo, nilimsikia fundi akimkataza mwenye nyumba asitie samaki kwenye kidimbwi kipya. Saruji mbichi huwaua, alisema. Maji yabadilishwe kwanza kwa wiki kadhaa.

Nikakumbuka alasiri moja katika ua wetu Kibokoni, ulionuka saruji na udi uliofukizwa kufunika harufu ya ugonjwa. Baba, naye fundi wa nyumba, alikuwa amesiriba kidimbwi jana yake kwa saruji na dawa ya kuzuia maji. Sasa alikijaza ndoo baada ya ndoo, akipapasa kuta kama zavuja. Mama alilala kwenye kitanda cha kamba mlangoni, amebaki mifupa.

"Baba Salma, n'tawaona lini hao samaki?"

"Leo hii, mama Salma."

Akawamimina. Mama akacheka kwa sauti, akawatazama mpaka adhana ya magharibi.

Alfajiri nilimkuta baba akiwaopoa kimyakimya, matumbo juu, kabla mama hajaamka. Nilimchukia kwa ufundi wake mbovu, hata siku tulipomzika mama, kabla ya juma kwisha.

Kumbe baba alijua. Wiki hizo mama hakuwa nazo.