Gari Linalopiga Magoti

Mume wangu ana mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Kwa miaka mingi alisimama mlangoni mwa gereji yake, kitambaa cha grisi begani, akiwatangazia watu kwamba gari linalobebwa na upepo limebebwa na kitu kisichokuwepo. "Springi ni chuma," alikuwa akisema. "Chuma unakishika. Upepo utaushika wapi?" Watu wakicheka, wakiacha magari. Aling'oa ile mifuko ya mpira inayojazwa upepo, akaweka springi za kawaida, na mwenye gari akaondoka akipiga honi. Ndivyo alivyopata jina la Fundi Springi. Hata mwalimu wa watoto wetu huniita Mama Springi, na nimechoka kumkatalia.

Nisimnyime sifa zake. Gari likimshinda, chakula hakipiti kooni. Akirudi nyumbani anatusalimu kwa kiwiko mpaka anawe mikono, na watoto wamekua wakidhani baba wote husalimia hivyo. Akisikiliza injini hufumba macho na kunyamaza, na mimi huyapenda sana magari yenye injini mbovu.

Gari la baba yangu alilishughulikia kwa moyo wote, maana hakuna kazi inayomtoa mtu jasho kama kazi ya mkwe. Ni gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, baba alilinunua likiwa limetumika alipostaafu kazi ya kupima ardhi. Mifuko yake ya upepo ilikuwa imepasuka. Kila asubuhi tulilikuta limelala kwa tumbo uani. Mume wangu akaing'oa, akaweka springi ndefu, akainyamazisha na taa ya njano iliyokuwa ikilalamika kwenye dashibodi. Gari likasimama juu, baba akatembea kifua mbele, na sifa zikamwendea mkwe. Wakati huo mama alikuwa akilipanda bila shida.

Magoti yake yalianza kumsumbua baadaye. Ukimwambia twende sokoni, anakujibu, "Nendeni nyie, mimi nina raha zangu hapa." Ukimwambia kuna harusi, anasema hawezi zile kelele. Sote tukaamini. Mtu asiyelalamika humrahisishia kila mtu maisha.

Kisha mama mkubwa, dada yake wa pekee, akarudishwa nyumbani kutoka hospitali. Madaktari hawakuwa tena na la kumfanyia, na walituambia hivyo bila kuzunguka. Anaishi nyuma ya kilima, mwisho wa barabara ya mawe matupu. Asubuhi hiyo mama alivaa gauni lake la bluu, akatoka nje, akashika mlango wa gari, akainua mguu. Mguu ukagoma. Tukaleta kigoda, kikamchezea, akang'ang'ania shati la baba. Ndipo baba na jirani wakambeba, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Gauni likapanda, na wapita njia wakasimama kutazama kama wanaotazama mzigo ukipakiwa.

"Nishusheni," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Wakamshusha. Akalivuta gauni lake chini, akarudi mpaka mlangoni. "Mwambieni dada nitakuja nikipata nafuu. Kubebwa, sibebwi tena."

Tukaazima gari dogo la jirani. Kuingia aliingia vizuri tu. Lakini kwenye kona ya kwanza ya barabara ile ya mawe tumbo la gari likaanza kukwaruza, ikabidi tugeuze. Na kutoka ndiyo ilikuwa kasheshe, maana kiti chake kilikuwa chini mno. Mama alikaa humo muda mrefu akijifanya anatafuta kitu mkobani, mpaka akakubali mikono yangu. Hakunitazama usoni. Jioni ile nilimchukia kila mtu aliyewahi kutengeneza gari.

Nilimvaa mume wangu mezani. "Lile gari la baba zamani lilikuwa linashuka."

"Lilikuwa linashuka kwa sababu lilikuwa bovu."

"Lilipokuwa zima pia lilikuwa linashuka. Unabonyeza kitufe, linapiga magoti, kiti kinafika kiunoni. Ukishakaa, linapanda, mawe yanapita chini. Baba kaniambia. Sasa nataka uniambie wewe fundi."

Akazungusha tonge kwenye sahani. "Unataka nirudishe upepo."

"Mimi sitaki kitu. Mama anataka kumwona dada yake."

"Mke wangu, watanicheka."

"Wacheke. Wewe umewacheka wangapi?"

Akalimeza lile tonge, na hapo nikajua amekubali.

Na kweli akala matapishi yake, tena hadharani. Angeweza kulificha gari nyuma ya gereji. Akaliegesha mbele, penye mwanga, akaliinua kwa jeki na kuanza kuzing'oa springi zake mwenyewe. Fundi wa kuchomelea wa jirani akazima mashine yake, akavua miwani.

"Springi, leo umekuwa Fundi Upepo? Kesho tukuletee na maputo ya sherehe uyajaze?"

"Lete. Na kichwa chako nacho nitakijaza, maana kina nafasi," mume wangu akamjibu kutoka chini ya gari. Wote wawili wakarudi kazini.

Akafunga mifuko mipya. Pampu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, akaweka nyingine. Kila palipoungwa mpira alipapaka povu la sabuni aone kama pana tundu. Baba alikaa juu ya kreti akitazama, mikono magotini. Nilikwenda na chakula chao nikabaki hapohapo, kwa kuwa nyumbani mama alikuwa tayari ameshavaa. Alikuwa amekaa karibu na mlango na mkoba mapajani, na sikuweza kumtazama akingoja.

Kazi ikaisha. Mume wangu akashusha jeki, gari likalala kwa tumbo kama zile asubuhi za zamani. Akawasha injini, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Akaiunga pampu moja kwa moja na betri, ikanguruma, kwa hiyo ilikuwa nzima. Akakagua fyuzi zote. Akarudia povu, hakuna hata kiputo. Mwaka huu nimemwona akiwa na homa kali, na hakuwa na sura ile. Katikati ya hayo simu yangu ikalia, binti wa mama mkubwa. Mama mkubwa hakuwa amekula tangu asubuhi, na alikuwa akiuliza kama dada yake kafika.

Baba akasimama kutoka kwenye kreti. "Mkwe wangu, umejitahidi. Twende tu tukambebe. Atakasirika, kisha atasahau."

Mume wangu akajifuta mikono. "Samahani, Baba. Hatasahau."

Akanituma niingie ndani nibonyeze kitufe wakati yeye anasikiliza chini. Nikaingia, nikabonyeza, nikangoja, nikabonyeza. Nilikuwa na hasira na gari lile kana kwamba ni mtu. Limelala chini, mifuko mitupu, na usoni kwake hakuna alama yoyote, dashibodi safi kabisa.

"Hili mbona halilalamiki?" nikasema.

"Nini?"

"Ukisahau mkanda linapiga kelele. Mlango usipobana linapiga kelele. Sasa hivi limelala kwa tumbo, na hapa hakuna taa hata moja. Limenyamazia nini?"

Akatoka chini ya gari taratibu, akasimama na spana yake. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akalifunua zulia chini ya kiti cha abiria kwa nguvu mpaka nikadhani analichana. Akachomoa kijisanduku cheusi kilichoviringishwa utepe. Ndicho alichokifunga yeye mwenyewe alipoweka springi, ili kiiambie kompyuta ya gari kwamba kila kitu kiko sawa na isihangaike na upepo wowote. Alikificha vizuri ili mafundi wengine wasimwibie ujanja, na ujanja ukajificha hata kwake.

"Kazi yangu hii," akasema, akimwonyesha baba.

Akakitoa, akaziunga nyaya kama zilivyokuwa. Taa ya njano ikawaka mbele yangu. Pampu ikanguruma, na kile kiti nilichokalia kikaanza kupanda, polepole, nyuma kwanza kisha mbele. Baba akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema. Nilikuwa namfikiria mama na zile raha zake za nyumbani. Hakuna aliyemfunga mdomo. Tulimshukuru tu kila aliponyamaza, naye akajifunza.

Tulilisimamisha mbele ya mlango wake. Mume wangu akabonyeza, gari likatoa pumzi, likashuka. Mama akalitazama. Akasogea, akageuka, akakipa kiti mgongo, akakaa. Akaingiza mguu mmoja kwa mikono yake, kisha mwingine. Mume wangu alinyoosha mkono amshike kiwiko, akaghairi, akaiweka mikono yote miwili nyuma.

"Mama, uko sawa?" akamuuliza.

"Funga mlango, mwanangu. Twende."

Kwenye mawe likapanda, likatembea juu yake kama halina habari. Lilipofika likapiga magoti tena, na mama akashuka mwenyewe, akaingia chumbani kwa dada yake akishika ukuta.

Mama mkubwa alikuwa amekonda kiasi kwamba shuka lilionekana halina mtu chini yake. Alimtazama mama. "Nilidhani umenisusa," akasema.

"Sikukususa, dada. Ni magoti. Gari lilikuwa juu, na mimi niliona haya kubebwa."

"Ungesema tu."

"Ndiyo nasema sasa."

Mama mkubwa akaanza kujisogeza kuelekea ukutani, kidogo kidogo, akikunja uso kwa maumivu. Binti yake akataka kumsaidia, akamkataza kwa kichwa. Akaendelea mpaka kitandani pakawa na nafasi ya mtu mmoja.