Maji Meusi Yaliyoota Miiba

Mimi nilianza na bidoni moja, dumu la mawese tu, leo nina duka la sabuni sokoni Rumonge na watu huniita patron, yaani bosi. Hakuna kitu cha kunishtua. Hata vita vimenizoea.

Siku moja mwalimu wa kemia akanikaribisha kwenye maabara ya shule, mbele ya soko. Akamimina amonia kwenye chupa ya maji yenye chumvi za chuma, yakageuka meusi tii, akachanganya na sabuni aliyonunua dukani kwangu.

"Tazama, patron. Chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi."

Akasogeza sumaku. Maji yakaota miiba, yakapanda kioo cha chupa! Nikaruka dirishani: "Bomu!"

Soko lote likakimbilia ziwani. Askari wakaingia maabara na bunduki, wakatoka wanacheka, chupa mkononi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Mama muuza ndagala, samaki wake wamekanyagwa, akanishika shati. "Patron asiyeshtuka, lipa!"

Nikalipa faranga elfu saba na mia mbili.