Mwalimu Lupakisyo Aliishia Kwenye Y

Mwalimu Lupakisyo alikuwa na suruali moja ya kahawia ya kufundishia. Kipindi kikiisha aliikung'uta vumbi la chaki nje ya mlango. Baba yake alitoka Mbeya kuja kutengeneza reli, akabaki Munisagara, hapa hapa Kilosa, moja kwa moja, na Mwalimu akazaliwa hapo. Kifaransa alikipata Kigoma, alipoanza kazi. Jirani zake walikuwa Warundi, mke na mume, waliogombana kwa Kifaransa ili watoto wasielewe. Watoto hawakuelewa. Aliyeelewa ni yeye, upande wa pili wa ukuta.

Shuleni kwetu Kilosa somo hilo halikuwepo, alilileta yeye. Tulipoingia kidato cha tatu alisema anayetaka aache Kilimo achukue Kifaransa, na yeye atakuwa naye mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Darasa likacheka. Tukajitokeza wachache tu, mimi Yusrah nikiwemo, pamoja na Kasaine, ambaye kwao ni wafugaji. Baba yake Kasaine alikuja kuuliza kama hao Wafaransa wana ng'ombe.

"Wanao, mzee. Na wanawapenda kama wewe."

"Basi asome."

Kilichonishangaza mimi ni kwamba Wafaransa hawana shikamoo. Bonjour ni ya mtoto na ni ya babu. Tuliona si sawa, kwa hiyo kila asubuhi tulimpa Mwalimu zote mbili, bonjour halafu shikamoo, asije akapungukiwa.

Mwaka huu, kidato cha nne, tulifika kwenye vineno viwili ambavyo alisema mtihani haukosi kuviuliza. Cha kwanza y.

"Yusrah, unakwenda Munisagara?"

"Ndiyo, Mwalimu, nakwenda huko."

"Umeona? Hukurudia jina. Mfaransa naye hapendi kuchoka bure, anasema j'y vais. Ila 'huko' yetu inakaa nyuma, y yao inaruka mbele ya kitendo."

"Haka kajamaa kanapita foleni," Kasaine akasema.

"Kapishe, ndivyo kalivyolelewa."

Akatupa nyingine: unaufikiria mtihani? J'y pense. Tuliisema mpaka sokoni, wauza nyanya wakadhani tunatukanana. Cha pili, en, alisema ni cha ndizi, maji, ng'ombe, vitu vya kugawa na kuhesabu.

"Hicho Jumatatu. Kina ujeuri, mje mmelala."

Jumatatu tukakaa mpaka kipindi kikaisha. Y bado ilikuwa ubaoni, hatukukubali mtu aifute. Tulipomfuata Mkuu wa shule alisema Mwalimu ameacha kazi na hakuna wa kushika nafasi yake. Kurudi Kilimo nako tumechelewa. "Someni wenyewe," akasema, na yeye pia alionekana kama mtu aliyeachwa.

Mimi nilimtetea. Nilisema labda amefiwa, labda mtoto anaumwa. Hadi Kasaine aliporudi kutoka Mikumi, kwa kaka yake anayeuza maziwa, akakaa pembeni yangu bila kuniangalia.

"Mwalimu wako hajafiwa. Yuko kwenye ile hoteli mpya ya barabarani. Amevaa koti."

Siku hizi kila kitu ruksa, mwenye uwezo anafungua hoteli, na hoteli zinataka watu wa kuongea na wazungu. Hilo nalijua. Jumamosi tukapanda basi kwenda Mikumi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba arudi, hata mwisho wa wiki tu.

Tulimkuta uani, wageni wamemzunguka, anaonyesha kwa mkono upande wa mbugani. Mama mmoja akamuuliza habari za tembo.

"Il y en a beaucoup, madame." Wapo wengi.

Y niliitambua. Nyuma yake nikaisikia en. Vyote viwili, vimeshikana kama ndugu, na Mwalimu anavigawa kwa watu wasio na mtihani wowote.

Akatuona. Akaja akijikung'uta koti, na halikuwa na vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu," Kasaine akasema.

"Marahaba, mwanangu." Akanigeukia, akasubiri.

Sijawahi kumnyima mtu mzima shikamoo.

"Bonjour, monsieur," nikasema.

"Bonjour, Yusrah." Akaendelea kusubiri. Alipoona haiji, akasema, "Nilitaka kuwaaga. Ila ningewaaga, nisingeondoka. Hapa wamenipa nyumba, watoto wangu wanalala vizuri."

"Utakuja kutufundisha Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo wageni wengi."

"Na mtihani wetu, huufikirii?"

"J'y pense," akasema, macho kwenye viatu vyake vipya. Yule mama wa tembo akamwita. Akaenda.

Tulitembea hadi kaka yake Kasaine anapouzia maziwa. Hapo ndipo Kasaine akasema, "Hukumwamkia."

"Nilimwamkia."

"Ulimpa nusu."

"Na yeye alitupa nusu."