Mjukuu wangu amechora nyumba yangu upya, na mlangoni amesimamisha mama mwingine

Kwanza nyinyi. Mmepotelea wapi? Mko Rongai, mko Nairobi, mko hapo tu Kitengela, na kila mmoja wenu ako na mama mzee mahali anaangalia njia. Krismasi mlisema mtakuja Pasaka, Pasaka mkasema shule zikifungwa. Haya, leo nimewafuata huko huko kwa simu. Kaeni chini mnisikize.

Admin, ficha jina langu, na la mjukuu wangu usilitaje hata ukibembelezwa. Mimi ni mjane wa miaka sabini na kitu, naishi nje ya Kitengela ukielekea Kajiado. Shule sikuingia. Anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu kutoka Kakamega, na nimemwambia akinipamba maneno hatapata maziwa yangu tena.

Niko na nyumba moja. Ilianza ikiwa ya udongo na samadi, nikaijenga na hii mikono, kwa sababu kwetu Wamaasai mwanamke ndiye hujenga nyumba. Baadaye nikaitia mawe na mabati, lakini ni ile ile. Mjukuu wangu nilimlea humo tangu mama yake aage. Nilimfundisha kukanda samadi akiwa mdogo, mpaka akawa anapaka ukuta kushinda wasichana wakubwa. Akasoma, na leo kazi yake ni kuchukua nyumba nzee na kuichora kwa kompyuta vile inaweza kuwa kitu kingine. Godauni anaifanya kanisa, stoo ya mahindi anaifanya hoteli. Ukiona picha unaapa imeshajengwa, mpaka jua linapiga kwa dirisha.

Siku moja akaniambia, "Kokoo, wacha nichore yako. Ukuta hatubomoi. Itakuwa nyumba ya wageni, na wewe utapumzika." Kokoo ni nyanya, kwa wale hawajui. Akaniletea picha kwa simu. Macho yangu yako na ukungu, niliona rangi tu na mwangaza, na mtoto wangu anacheka. Nikaitemea ile picha mate ya baraka, vile tunabariki mtoto mchanga, nikasema, "Na iwe hivyo hivyo vile umechora." Nilisema hivyo kabla sijaiangalia vizuri. Hapo ndipo nilikosea.

Yeye na wenzake wa kazi wakaichapisha kwa bango kubwa, wakaliweka getini. Sasa nikaona. Kusoma sijui, lakini picha haihitaji mwalimu. Mlango ni wa kioo. Jikoni kwangu kumekuwa sebule. Ule mti wangu wa oltepesi nyuma ya nyumba hauko. Boma la ndama haliko. Na mlangoni amesimama mama mzee, shuka nyekundu, shanga mpaka tumboni, meno yote kamili.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu tu wa picha, kokoo. Tunaweka watu ndio nyumba ionekane iko na uhai."

"Na mimi niliye na uhai, niko wapi?"

Akacheka. "Wewe uko Kitengela kwa flati. Gorofa ya nne, maji moto kwa bomba."

"Gorofa ya nne nitafuga nini, njiwa?"

Nilidhani ni mzaha. Wakaja watu na msumeno, oltepesi ikaanguka. Ndama wakapelekwa kwa mwanangu huko Kajiado, eti kwa muda. Meko yangu ikafukiwa. Mlango wa mbao ukang'olewa, kioo kikawekwa, na kuku bado wanajigonga hapo. Hakuna anayeniuliza. Nikitaka kujua ni nini kitatolewa kesho, natembea mpaka getini naangalia bango, halafu narudi naangalia nyumba. Chochote hakiko kwa bango, kinaenda. Juzi nimeangalia tena. Vimefanana kabisa. Nimebaki mimi.

Halafu yule mama akaja. Sisemi mfano wake, nasema yeye mwenyewe. Shuka ile, shanga zile. Anatoka Namanga, huuza ushanga, ameajiriwa kusimama mlangoni apokee wageni.

"Takwenya, yeyo," akanisalimia kwa Kimaasai, akiniita mama.

"Iko," nikajibu, nikampa chai, maana miguu yake ilikuwa imechoka na yeye hana kosa. Akakalia kigoda changu. Akaniangalia sana, akauliza kwa sauti ya chini, "Yeyo, wewe ni nani hapa? Mimi niliambiwa mwenye nyumba alishakufa."

Nikamwita mjukuu wangu.

"Kokoo, usikasirike. Hiyo ni stori ya wageni tu. Wanapenda nyumba iliyo na stori."

"Na kwa hiyo stori yako nilikufa aje?"

"Vizuri, kokoo. Usingizini, kwa kitanda chako."

Alisema hivyo akinifunga shuka vizuri shingoni nisishikwe na baridi. Hana ubaya huyo mtoto. Hiyo ndiyo inanitisha. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika. Lakini anachora tu, na mimi nilishabariki, na kila alichochora kimekuja.

Jumamosi gari linakuja kunibeba. Mwalimu anasema nikatae. Mwanangu anasema niende, nisimharibie mtoto kazi. Baraka naweza kuirudisha, maneno yake nayajua, lakini ikitoka kwa huu mdomo itamfuata kama laana, na huyu nilimbeba mgongoni. Nikinyamaza, hiyo picha imebakisha kitu kimoja tu cha kutoa. Nyinyi mlio wengi huko, niambieni, nifanye nini?

Na mkija, maana sasa mtakuja, msipitie mlango wa kioo. Zungukeni nyuma kwa kisiki cha oltepesi, mgonge bati, mniite. Mkitukanwa kwanza halafu mkapewa chai, ni mimi, ingieni. Lakini mkipokelewa na mama wa kutabasamu, na mkiambiwa kokoo alikufa vizuri kwa kitanda chake, waambieni tangu nisikie hiyo stori mimi nilikuwa nalala kwa kiti.